Uchambuzi wa kisa: Makapteni walipoanza kupimwa matumizi ya mafuta

Kisa hiki ni cha shirika moja la ndege la Ulaya linaloruka safari ndefu za kuvuka bahari. Jina lake, viwanja linavyotumia na majina ya wahusika vimeondolewa. Mfuatano wa matukio na tarakimu vimebaki. Mwaka 2014, kwa miezi minane, shirika hilo lilishirikiana na wachumi kufanya jambo ambalo kwenye karatasi linaonekana dogo: kuwapima makapteni wake wanavyotumia mafuta, kisha kuwaeleza baadhi yao kilichopimwa. Hewa ukaa ilipungua na shirika likaokoa fedha.

Nimekichagua kwa sababu kiliacha nyuma namba mbili za mafanikio. Moja ni kubwa kuliko nyingine kwa karibu mara kumi, tena huo ni mlinganisho wa chini kabisa. Zote mbili zilipatikana kwa hesabu halali. Anayesimamia mazingira katika shirika la ndege, siku atakapoulizwa "mmepunguza kiasi gani?", lazima ajue anajibu kwa namba ipi na kwa nini.

## Usuli

Kila kilo moja ya mafuta ya ndege inapoungua hutoa takribani kilo 3.16 za hewa ukaa, kwa kuwa kaboni iliyomo kwenye mafuta huungana na oksijeni ya angani. Hakuna chujio la kuizuia kwenye injini. Ndiyo maana hesabu ya hewa ukaa ya shirika la ndege ni hesabu ya mafuta yake kwa sura nyingine: ukijua tani zilizoungua, umejua tani zilizotoka. Kidunia, usafiri wa anga huchangia takribani asilimia 2.5 ya hewa ukaa inayotokana na nishati, na kuna athari nyingine za joto zinazoletwa na michirizi ya mawingu ambayo ndege huiacha nyuma.

Mwanzoni mwa 2014 pipa la mafuta ghafi lilikuwa likiuzwa kwa zaidi ya dola 100, na kwa shirika la ndege la kawaida mafuta hula robo mpaka theluthi ya gharama zote za uendeshaji. Upande wa sheria, shinikizo lilikuwa dogo. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeingiza usafiri wa anga kwenye soko lake la vibali vya kaboni tangu 2012, lakini safari za kati ya Ulaya na mabara mengine zilisamehewa baada ya mvutano na nchi nyingine. Mpango wa kimataifa wa kufidia hewa ukaa ya safari za kimataifa, CORSIA, ulipitishwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, mwaka 2016, na mashirika yakaanza kupima na kuripoti chini yake tarehe 1 Januari 2019. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari za shirika hili haikuwa na sheria ya kaboni iliyoibana. Kilichobana kilikuwa ankara ya mafuta, na ni vema tuliseme hilo wazi kabla ya kusifia jambo lolote.

Njia za kupunguza zilizokuwa mezani zilikuwa chache. Ndege za kizazi kipya hutumia mafuta pungufu kwa asilimia 15 hadi 25 kuliko zile zinazozirithi, lakini agizo huchukua miaka na mtaji mkubwa. Mafuta endelevu, yanayotengenezwa kwa mabaki ya mafuta ya kupikia na malighafi za namna hiyo, yalikuwa yameanza kuonekana kwenye safari za abiria tangu 2011, ila kwa uchache mno. Hata miaka kumi baada ya kisa hiki, mwaka 2024, dunia nzima ilizalisha takribani tani milioni 1 tu, asilimia 0.3 ya mafuta yote ya ndege. Ilibaki njia moja iliyokuwa mikononi mwa shirika lenyewe: namna ndege zilizopo zinavyorushwa.

## Mafuta yalikuwa yakipotelea wapi

Wataalamu wa uendeshaji wa shirika walichagua nyakati tatu za safari ambazo kapteni ana uamuzi wa kweli.

Ya kwanza ni kabla ya kuondoka. Mpango wa safari, pamoja na kiasi cha mafuta, huandaliwa mapema kwa makadirio ya uzito. Uzito halisi wa abiria, mizigo na shehena hujulikana dakika za mwisho. Uzito ukibadilika, mafuta yanayohitajika hubadilika. Na kwa kuwa mafuta yenyewe ni uzito, hesabu hufaa irudiwe mara ya pili ili kutoa tofauti iliyoletwa na mafuta yaliyoongezwa au kupunguzwa. Makapteni wengi walikuwa wakifanya hesabu mara moja, au kuzungusha namba kwenda juu. Ziada hiyo hailali tu kwenye tanki. Kubeba uzito usiohitajika hugharimu mafuta ya takribani asilimia 3 hadi 4 ya uzito huo kwa kila saa ya kuruka. Tani moja ya ziada kwenye safari ya saa kumi huteketeza karibu theluthi ya tani kwa kubebwa tu.

Ya pili ni angani: kuomba kimo kinachoendana na uzito wa ndege kadiri inavyopungua, kuomba njia ya mkato kwa waongoza ndege, kuchagua mwendo, kuchelewesha mabawa madogo na magurudumu mpaka yahitajike, kushuka kwa mteremko mmoja badala ya ngazi. Hakuna kitendo kimoja cha kukipima hapa, hivyo kipimo kilikuwa matokeo: je, mafuta yaliyotumika angani yalizidi yale yaliyopangwa baada ya mpango kurekebishwa kwa uzito halisi?

Ya tatu ni baada ya kutua. Ndege inapotembea ardhini kuelekea maegesho haihitaji injini zote. Baada ya dakika chache za kuipoza, walau injini moja inaweza kuzimwa. Wakati mwingine haifai: barabara ya ndege ina mwinuko, kuna utelezi, au maegesho yako jirani kiasi kwamba injini haitakuwa imepoa.

Takwimu za mwaka uliotangulia jaribio zilionyesha kwamba katika kila kipengele kati ya hivyo vitatu, desturi nzuri ilifuatwa kwenye chini ya nusu ya safari. Hawa walikuwa makapteni wazoefu na waliofunzwa vizuri. Walijua la kufanya. Hakuna aliyekuwa akiwarudishia jibu kwamba walilifanya au hawakulifanya.

## Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumlenga kapteni mmoja mmoja badala ya kutoa waraka kwa wote. Kumbukumbu za kielektroniki za ndege zilikuwa tayari zinarekodi karibu kila kitu, ila zilikuwa zinatumika zaidi kwa usalama na matengenezo. Kuzitumia kwa jambo hili hakukuhitaji kifaa kipya.

Uamuzi wa pili ndio unaokifanya kisa hiki kiwe na thamani ya kufundishia. Makapteni zaidi ya 300 waligawanywa kwa kura katika makundi manne. Kundi la kwanza liliambiwa tu kwamba utafiti wa matumizi ya mafuta unaendelea na kwamba watapimwa. La pili lilipokea kila mwezi barua inayoonyesha matokeo ya kapteni mwenyewe kwa mwezi uliopita katika vipengele vitatu. La tatu lilipokea barua hiyo pamoja na shabaha binafsi kwa kila kipengele. La nne lilipata vyote hivyo, na kwa kila shabaha iliyofikiwa mwezi huo shirika lilitoa mchango mdogo, takribani dola 16 za wakati ule, kwa taasisi ya hisani aliyoichagua kapteni. Kapteni aliyefikia shabaha zote kwa miezi yote minane angekuwa amesababisha mchango wa dola 400 hivi.

Kwa nini hisani, na si bonasi? Fedha mfukoni mwa kapteni kwa kutumia mafuta machache ingeweka maslahi yake binafsi upande mmoja na busara ya kubeba akiba upande wa pili. Hakuna mdhibiti wa usalama wa anga ambaye angelitazama hilo bila wasiwasi, na nadhani hakuna abiria pia.

Shabaha nazo zilipangwa kwa uangalifu. Hazikuwa sawa kwa wote. Kila kapteni aliwekewa kiwango kilichopanda kwa pointi 25 za asilimia juu ya rekodi yake mwenyewe ya nyuma, lakini shabaha yoyote iliishia asilimia 90. Ukomo huo ni wa maana kuliko unavyoonekana. Kumdai kapteni asilimia 100 ni kumwambia kwamba hakuna siku ambayo kuacha injini zote zikiwaka lingekuwa jambo sahihi, au kwamba hali ya hewa mbaya njiani si sababu ya kutumia mafuta zaidi. Asilimia 10 iliyoachwa ilikuwa nafasi ya hukumu ya rubani, na iliandikwa ndani ya hesabu yenyewe.

Uamuzi wa tatu ulihusu imani. Barua ya kutangaza jaribio iliwaeleza makapteni kwamba hakuna jedwali la kuwapanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, wala mpango wa kuanzisha jedwali kama hilo. Kwamba takwimu ni za siri. Kwamba uamuzi wa mwisho wa mafuta unabaki kwa kapteni. Na desturi tatu zilizochaguliwa hazikugusa akiba ya kisheria hata moja. Kanuni za ICAO zinadai ndege ya jeti itue ikiwa bado na akiba ya mwisho ya kuruka dakika 30 katika kimo cha futi 1,500 juu ya kiwanja, na zaidi ya hapo kuna mafuta ya dharura ya njiani na ya kufikia kiwanja mbadala. Hayo yote yalibaki kama yalivyo. Kilichopimwa ni usahihi wa hesabu na nidhamu ya uendeshaji, juu ya mstari wa usalama.

Barua zilitumwa nyumbani kwa posta. Kapteni wa safari ndefu haonekani ofisini. Anapita kiwanjani, anaruka, analala hotelini, anarudi. Karatasi iliyomsubiri mezani kwake, yenye jina lake na matokeo yake, ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusomwa kuliko ujumbe wa kielektroniki kati ya mia nyingine.

## Yaliyotokea

Tangazo lilitolewa Januari, upimaji ukaanza Februari, barua za kwanza za matokeo zikaenda Machi zikieleza ya Februari. Jaribio likafungwa mwisho wa Septemba.

Jambo la kwanza lililowashangaza waandaaji lilitoka kwenye kundi lililotakiwa kuwa la ulinganisho. Makapteni ambao hawakupokea barua yoyote ya matokeo, wala shabaha, wala ahadi ya hisani, walibadilika. Kwenye upakiaji wa mafuta mabadiliko yao yalikuwa madogo. Angani na ardhini yalikuwa makubwa. Walichopata ni taarifa moja tu, kwamba wanapimwa. Tabia hii ya wafanyakazi kubadilika kwa kujua wanatazamwa imejadiliwa tangu tafiti za kiwanda cha Hawthorne huko Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, lakini ni nadra kuiona kwa nguvu hivi kwa watu wenye ujuzi na madaraka ya kiwango hiki.

Juu ya mabadiliko hayo, makundi yaliyopokea barua yalipanda zaidi. Athari kubwa ilionekana kwenye kuzima injini ardhini, na hapo hata barua tupu ya matokeo, bila shabaha, ilitosha kusogeza mambo. Kwenye upakiaji na urukaji, barua tupu ilisaidia kidogo sana. Shabaha ndizo zilizofanya kazi. Sababu yake inaeleweka ukiwazia kazi yenyewe. Kuzima injini ni kitendo kimoja, kinachokumbukwa au kusahaulika, na ukumbusho unatosha. Kuruka ndani ya mafuta yaliyopangwa ni maamuzi mengi madogo ya saa nyingi, na mtu huyaunganisha vizuri zaidi akiwa na kiwango cha kukifuata.

Mchango wa hisani haukuongeza kitu cha maana kwenye mafuta kuliko shabaha peke yake. Uliongeza jambo jingine. Katika dodoso la mwisho, makapteni wa kundi la hisani walionyesha kuridhika na kazi yao kwa asilimia takribani 6.5 zaidi ya wale wa kundi la ulinganisho. Na katika makundi yote, wengi mno walitaka shirika liendelee kuwashirikisha zaidi katika masuala ya mafuta. Hofu ya mwanzo ilikuwa kwamba wangechukia kutazamwa.

## Matokeo: namba mbili

Namba ya kwanza hupatikana kwa kulinganisha kabla na baada. Makapteni wote, pamoja na wasiopokea barua, ukilinganisha na mwaka uliotangulia: zaidi ya tani 6,800 za mafuta ziliokolewa katika miezi minane, yaani zaidi ya tani 21,000 za hewa ukaa. Kwa bei ya wakati ule ni zaidi ya dola milioni 5.

Namba ya pili hupatikana kwa kulinganisha makundi yaliyopokea barua na lile lisilopokea, katika kipindi kilekile. Hapa akiba ni kati ya kilo 266,000 na 704,000 za mafuta, sawa na kilo 838,000 hadi milioni 2.22 za hewa ukaa. Kila tani ya hewa ukaa iliyoepukwa ililiachia shirika faida ya dola 250 hivi, kwa sababu mafuta yaliyookolewa yalizidi kwa mbali gharama ya barua na hisani.

Tuziweke kwenye kipimo kinachoshikika. Ndege pana yenye injini mbili ikivuka Atlantiki kwa saa saba huchoma takribani tani 40. Namba ya kwanza ni kama safari 170 za namna hiyo. Namba ya pili ni kama safari 7 hadi 18.

## Uchambuzi

### Namba ipi ni ya kujibu nayo

Namba ya pili ndiyo imara. Kura iligawa makapteni bila upendeleo, hivyo hali ya hewa, msongamano wa viwanja, aina za ndege na bei ya mafuta viliwagusa wote kwa usawa. Tofauti iliyobaki kati ya makundi imeletwa na barua, shabaha na hisani. Mkaguzi akija, unaweza kumwonyesha njia nzima.

Namba ya kwanza ina kitu cha kweli ndani yake. Makapteni wa kundi la ulinganisho hawakubadilika bila sababu. Walibadilika mara tangazo lilipotoka, katika vipengele vilevile vilivyotajwa. Lakini kwa kuwa kila kapteni aliambiwa kwamba anapimwa, hakubaki kundi hata moja la wasiojua. Hatuwezi kutenganisha kwa uhakika sehemu iliyoletwa na kujua unatazamwa na sehemu iliyoletwa na mambo mengine yaliyobadilika kati ya 2013 na 2014: ratiba, upepo, njia zilizofunguliwa, kampeni nyingine za ndani. Namba hiyo ni makadirio yanayoaminika, na inapaswa kutajwa kama makadirio.

Nionavyo, ripoti ya mazingira ya shirika ina haki ya kubeba zote mbili, kila moja na maelezo yake, ila ahadi yoyote kwa umma au kwa mdhibiti isimame juu ya ile ndogo. Kuna sababu nzito ya kusisitiza hivi. Katika miaka iliyofuata mahakama na mamlaka za matangazo Ulaya zimeanza kuyabana mashirika ya ndege kwa madai ya kimazingira yasiyo na ushahidi. Mwezi Machi 2024 mahakama ya Amsterdam iliamua kwamba baadhi ya matangazo ya KLM kuhusu uendelevu yalikuwa ya kupotosha. Shirika lenye namba iliyotokana na kura halina cha kuhofia. Lenye namba ya kabla na baada peke yake litaulizwa maswali ambayo haliwezi kuyajibu.

### Yaliyofanya kazi

Kupima kwenyewe ndiko kulikokuwa na nguvu kubwa kuliko yote, na kulikuwa kwa bei rahisi kuliko yote. Jambo hili halipendezi kwa mtu anayetafuta mpango wenye jina na nembo, lakini ndilo lililoonekana. Makapteni walikuwa na ujuzi, walikuwa na madaraka, na takwimu zao zilikuwa zimelala kwenye seva. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba jambo hili lina uzito kiasi cha kuhesabiwa.

Shabaha binafsi zilizidi taarifa tupu, na nadhani siri yake ni kwamba kila mtu alishindana na rekodi yake ya nyuma. Kapteni aliyezoea kurusha ndege nzee ya injini nne kwenye njia yenye msongamano hakulinganishwa na mwenzake wa njia nyepesi. Mashirika mengi yanayojaribu kitu kama hiki huanza na orodha ya washindi. Orodha hiyo humwadhibu mtu kwa njia aliyopangiwa, na marubani hulijua hilo siku ya kwanza.

Ahadi za mwanzo kuhusu siri na madaraka ya kapteni zilikuwa sehemu ya matokeo, si utangulizi wa adabu. Bila hizo, chama cha marubani popote pale kingekuwa na haki ya kupinga, kwa kuwa takwimu za ndege zilikubaliwa kukusanywa kwanza kwa ajili ya usalama. Zikigeuzwa kuwa fimbo ya kinidhamu, rubani atasita kuripoti makosa madogo ambayo ndiyo huzuia ajali. Hakuna tani ya hewa ukaa inayostahili kununuliwa kwa bei hiyo.

### Yaliyokwama

Kipimo kilikuwa cha ndiyo au hapana. Safari iliyookoa kilo chache na iliyookoa tani nzima zilihesabiwa sawa, na safari iliyozidi mpango kwa kilo moja ilihesabiwa kama imeshindwa. Ni rahisi kueleza kwenye barua, lakini kapteni aliyekwisha kuvuka mstari hakuwa na sababu ya kwenda mbele zaidi.

Upakiaji wa mafuta ulisogea kwa shida, na huenda sababu iko nje ya chumba cha rubani. Namba ya mwisho ya uzito hutoka kwa wapakiaji na idara ya mipango ya safari, mara nyingi ikiwa imechelewa, wakati gari la mafuta limekwisha kujaza. Kapteni anaweza kurudia hesabu kwa usahihi wote na asiwe na la kufanya, kwa kuwa kuyatoa mafuta tankini ni kazi ndefu inayochelewesha safari. Kumwandikia barua kapteni kuhusu tatizo linaloanzia kwenye lango la shehena ni kumlenga mtu asiye na ufunguo. Ningependa kuona jaribio lililowapima pia wapanga safari na marubani wasaidizi, maana ndege hairushwi na mtu mmoja.

Kisha kuna michirizi ya mawingu. Kimo kinachookoa mafuta wakati mwingine ndicho chenye hewa baridi na nyevu inayozaa michirizi inayodumu, na kipimo cha mafuta pekee hakiwezi kumwambia kapteni hilo. Mwaka 2014 hakuna shirika lililokuwa na zana ya kulitolea uamuzi wakati wa safari. Atakayeanzisha mpango kama huu leo hana kisingizio hicho kwa ukamilifu.

### Ukubwa wake dhidi ya tatizo

Hapa ndipo ninaposhikilia msimamo. Hata namba kubwa, ile ya tani 21,000, ni sehemu ndogo ya hewa ukaa ya shirika linaloruka safari ndefu kila siku. ICAO iliweka mwaka 2022 lengo la usafiri wa anga wa kimataifa kufikia sifuri halisi, yaani kutobaki na hewa ukaa isiyofidiwa au kuondolewa, ifikapo 2050, na Umoja wa Ulaya unadai mafuta endelevu yawe asilimia 2 kwenye viwanja vyake kuanzia 2025, 6 mwaka 2030 na 70 mwaka 2050. Barua kwa makapteni hazifiki huko. Hata hivyo mafuta endelevu yanauzwa kwa zaidi ya maradufu ya bei ya mafuta ya kawaida, ilhali kila tani iliyookolewa kwa njia ya kisa hiki ililipa. Mpangilio wa busara ni kuianza kazi hii mwezi huu, na fedha inayobaki itengewe mafuta endelevu kwa maandishi ya bodi. Katika kisa hiki akiba iliingia kwenye mfuko wa jumla wa shirika, kama inavyotokea karibu kila mahali, na hilo naliona kuwa udhaifu mkubwa kuliko kasoro yoyote ya kitakwimu.

### Kwa atakayelirudia jaribio

Pengo la wasiojua linaweza kuzibwa bila kumficha rubani chochote kwa udanganyifu. Tangaza upimaji kwa vituo kwa zamu: nusu ya vituo vianze sasa, nusu vianze baada ya miezi sita, na mpangilio wa zamu uamuliwe kwa kura baada ya kukubaliana na chama cha marubani kwamba takwimu za nyuma zitatumika. Katika miezi hiyo sita utakuwa na makapteni wanaojua wanapimwa na wasioambiwa bado, ndani ya upepo uleule na bei ileile ya mafuta. Tofauti kati yao itakupa kile ambacho kisa hiki hakikuweza kutoa, thamani ya kupima peke yake. Gharama ni kuchelewa kwa miezi sita katika nusu ya vituo.